Sanduku la Herufi K, na Kadi Tulizozifukuza

Nianze na kadi nambari 18 ya mchezo huu wa chemshabongo ya fasihi, kwa kuwa ndiyo iliyotugombanisha. Inauliza jina la tamthilia ya Shakespeare ya mfalme mzee anayewagawia mabinti ufalme kwa kuwapima nani anajua kusema anampenda zaidi. Mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 16 mwenye ulimi wa wakili, hakungoja mchanga wa saa uanze kushuka.

"Mfalme Lear."

Nikageuza kadi. Nyuma pameandikwa King Lear, alama 2. Akanyoosha mkono achukue alama zake. Nikamwambia ngoja kwanza, sanduku hili ni la herufi K na wewe umetaja M.

"Shangazi, swali limeniuliza kwa Kiswahili, nimejibu kwa Kiswahili. Hiyo King imetoka wapi?"

Mama yake, wifi yangu, alikuwa anacheka mpaka miwani ikamteleza. "Mpe mwanangu haki yake, wifi."

Nikampa. Kisha nikaitoa ile kadi na kuiweka pembeni, na hapo ndipo lilipoanzia rundo la kadi zisizo na makao. Leo rundo lina kadi 14.

Kwa ambao hawajauona, mchezo wenyewe ni hivi. Ni sanduku dogo lenye kadi 120 za chemshabongo ya fasihi, na kila jibu lazima lianze na herufi moja tu. Waliolitoa wana mpango wa kutoa herufi moja moja. Hili nililonalo ni la K. Jibu linaweza kuwa jina la mwandishi (kadi za njano), la kitabu (nyekundu) au la mhusika (chungwa). Kuna saa ya mchanga, kijitabu cha kanuni cha kurasa nne, na kadi sita tupu za kujiandikia maswali yako. Swali jepesi lina alama 1, gumu lina 3. Umekwama, unatoa mji na kadi inarudi chini.

Mimi kazi yangu ni kusoma prufu. Kwa hiyo nikishika kitu kilichochapwa, jicho hutafuta kosa kabla ya kutafuta raha. Ni ugonjwa, najua, na mnisamehe kama humu ndani nitaonekana mchungu. Maana ukweli ni kwamba tumecheza usiku wa nne mfululizo na hakuna aliyelazimishwa.

Kabla sijafungua nilikuwa na shaka. Nilidhani herufi moja itaufanya mchezo uwe rahisi mno. Ukishaambiwa jibu linaanza na K, si umeshapewa nusu ya jibu? Katika lugha nyingine labda. Katika Kiswahili herufi ya kwanza mara nyingi si mali ya neno, ni nguo ambayo ngeli imelivisha. Kitabu ni K leo. Viongeze viwe viwili, umeshahamia V. Kitenzi chochote kile, ukikitaja kwa jina lake, kinakuja na ku- yake. Kwa hiyo K yetu ni kama mlango wa stesheni, wanapita wenyeji na wasafiri, na kuambiwa "jibu limepitia pale" hakukusaidii chochote. Aliyeandika kadi bora za sanduku hili analijua jambo hilo vizuri sana. Aliyeandika kadi mbaya halijui kabisa. Siamini ni mtu mmoja.

Tazama kadi nyekundu ya Shaaban Robert. Haikuulizi "nani aliandika", swali ambalo kila aliyepita shule analijibu usingizini. Inauliza: ni nchi gani inayoelea angani, ambayo jina lake ni kitenzi? Kusadikika, riwaya ya mwaka 1951. Halafu kadi inayofuata, ya chungwa, inauliza mshtakiwa katika nchi hiyo ni nani, na jibu ni Karama. Na ya tatu inataka mjumbe mmoja kati ya wale sita ambao Karama anawasimulia mahakamani, anayeanza na herufi yetu. Hapo nilihesabu kwa vidole, Buruhani, Fadhili, Auni, Ridhaa, Amini, nikawapata watano na mchanga ukaisha. Kabuli! Nilikuwa nimewakumbuka wote isipokuwa yule niliyekuwa namhitaji. Hilo ndilo jambo tamu la mchezo huu: herufi inakuziba macho badala ya kukufungua.

Au chukua Kezilahabi. Kadi ya njano inasema: "Mwandishi ambaye herufi yetu imo katika jina lake, katika riwaya yake ya 1974, na katika jina la mhusika mkuu wa riwaya hiyo." Kezilahabi, Kichwamaji, Kazimoto. Mwaka huohuo alitoa pia Kichomi, diwani ya mashairi huru iliyowafanya washairi wa vina na mizani kushika vichwa, kwa hiyo mwandishi wa kadi angeweza kusema mara nne. Nilimwonea huruma kwa kukosa nafasi. Kadi ni ndogo.

Kafka naye kapewa kadi tatu, na sioni kama ni nyingi. Mtu huyu aliacha riwaya mbili zisizokamilika ambazo wahusika wake wakuu wamenyimwa majina. Mmoja anaitwa Josef K., ofisa wa benki anayekamatwa asubuhi ya siku anayotimiza miaka 30 bila kuambiwa amekosa nini. Mwingine ni mpima ardhi anayeitwa K., basi, hakuna zaidi. Riwaya hizo zilitoka 1925 na 1926, baada ya Kafka kufariki mwaka 1924, kwa sababu rafiki yake Max Brod alikataa kuzichoma kama alivyoagizwa. Hiyo ya pili, Das Schloss, ukiitia Kiswahili jina lake ni "kasri", na kadi inauliza hivi: "K anahangaika kuifikia K, katika riwaya ya K. Zitaje zote tatu." Alama 3, na nilizipata, na nilisimama kidogo. Kisichotajwa kwenye kadi, na ambacho ningekitia, ni kwamba Kafka mwenyewe aliandika katika shajara yake kuwa herufi K inamkera, karibu kumtia kichefuchefu, na bado anaiandika. Kinachofuata kwenye mpangilio wa kadi ni Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, ya mwaka 1978. Kutoka kasri moja kwenda nyingine bila neno la maelezo. Aliyepanga hivyo ningependa kukaa naye.

Coetzee wa Afrika Kusini kaja hapohapo jirani, na yule mtunza bustani wake Michael K, wa riwaya iliyopata Tuzo ya Booker mwaka 1983. Swali zuri lakini jepesi, kwa kuwa kadi imesahau ikataja "Michael".

Sasa wifi yangu. Wifi si mtu wa riwaya. Anasoma magazeti, na kitu chochote kilichoandikwa nyuma ya dawa. Usiku wa kwanza alisema atakuwa anashika saa ya mchanga tu. Usiku wa pili alinifunga 31 kwa 24. Alichofanya ni kuacha kuwaza vitabu akawaza sarufi. Ukimsomea swali anajiuliza: hiki kinachoulizwa ni kitu, ni kitendo, au ni mtu? Kama ni kitu, anatafuta ki-. Kama ni kitendo, ku-. Hivyo ndivyo alivyoipata Kufikirika bila kuwahi kuishika, riwaya iliyotoka 1967 wakati mwandishi wake alikuwa ameshafariki miaka mitano nyuma. Kadi ilisema "nchi nyingine ya Shaaban Robert, jirani wa Kusadikika kwa sauti". Alijaribu Kuaminika, akajaribu Kuonekana, akaipata.

Na kuna fungu la kadi ambalo kama limetungwa kwa ajili yake, lile la majina yenye K mara mbili. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012). Kivuli Kinaishi ya Said Ahmed Mohamed (1990). Kitumbua Kimeingia Mchanga, ya mwandishi huyohuyo. Katika lugha nyingine mtu akitaka jina la kitabu lenye sauti moja inayojirudia itabidi akeshe akilitafuta. Kwetu upatanisho unamfanyia kazi: ukishasema kidagaa, huna namna, lazima kimefanya kitu. Wifi alikuwa anapewa neno la kwanza anakamilisha umbo la la pili kabla hajajua kitabu ni kipi. Nilimwambia huko ni kuiba. Akasema, "Wifi, mimi sikutunga hiyo lugha."

Lakini mbinu yake ina shimo, na kadi zinalijua shimo lilipo. Tulipofika kwenye riwaya ya 1979 ya Adam Shafi kuhusu wabeba mizigo wa bandarini Zanzibar, wifi alisikia "wabeba", akaenda Kubeba, Kupakua, Kuchukua, mpaka mchanga ukakauka. Jibu ni Kuli. Ile ku- si ya kitenzi. Vilevile Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972), ambayo kadi inaidokeza kwa kusema tu "riwaya yenye herufi tatu". Ina sura ya ki- lakini hakuna "viu", na husemi "kiu changu", unasema "kiu yangu". Na Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969, ambapo ki- ni sehemu ya jina la mtu aliyewahi kuishi, mganga wa maji katika Vita vya Maji Maji vilivyoanza 1905. Kadi hizo tatu zimefuatana. Kuna mtu alikaa akawaza jinsi ya kumtega wifi yangu kabla hajamjua.

Ndiyo maana zile kadi 14 zinauma.

Nyingi ni za aina ya Lear. Swali limevushwa mto, jibu limeachwa ng'ambo. Kidnapped ya Stevenson imo, To Kill a Mockingbird imo (na hapo hata kwa Kiingereza herufi ya kwanza ni T, sijui walihesabu vipi). Kinachonikera si Kiingereza chenyewe. Kinachonikera ni kwamba aliyekuwa anaokoteza K kutoka huko alikuwa amezikalia za kwake. Treasure Island ya huyohuyo Stevenson, ambayo kwa Kiingereza ni T, ina tafsiri ya zamani ya Kiswahili iitwayo Kisiwa chenye Hazina. K hiyo, safi, halali, na hakuna kadi yake.

Au Kaizari. Kiswahili hakina Q wala X, na C haisimami peke yake bila h. Wageni wote wenye C ya sauti nzito wakija kwetu wanaandikishwa kwenye K. Mwalimu Nyerere alipotafsiri ile tamthilia ya Shakespeare, toleo la 1963 lilitoka kama Julius Caezar. Aliporudia mwaka 1969 likawa Juliasi Kaizari. Mtu mmoja, mtafsiri mmoja, ndani ya miaka sita kahamishwa kutoka herufi moja kwenda nyingine. Hebu fikiria swali ambalo lingetoka hapo! Kwenye sanduku hamna. Nililitafuta kadi zote 120 kama mtu aliyepoteza pete.

Kundi la pili la makosa ni la majina ya watu. Kanuni, ukurasa wa pili, inasema mwandishi anahesabiwa kwa jina la mwisho. Sawa, ndivyo maktaba zinavyofanya. Ila kanuni hiyo inampeleka Shaaban Robert kwenye R, na mimi sijapata kumsikia msomaji wa Kiswahili akimwita "Robert" peke yake. Hilo naweza kulimeza. Nisiloweza kulimeza ni kadi ya njano nambari 77, inayomhesabu Han Kang, mshindi wa Nobeli ya mwaka 2024, chini ya K. Kikorea hutanguliza jina la ukoo. Ukoo wake ni Han. Ni mtu wa sanduku la H, na wamemkosea jina. Kadi ya Kawabata, aliyepata tuzo hiyo 1968, wameipatia, kwa sababu Kawabata ni jina la ukoo kwa upande wowote utakaoliweka. Kipling (1907) sawa, na kidokezo chao kwamba hakuna aliyepata Nobeli ya fasihi akiwa na umri mdogo kuliko yeye, miaka 41, ni kizuri. Kertész (2002) sawa. Karlfeldt, mshairi wa Sweden, sawa, tena swali lake ndilo lililonifundisha kitu: alipewa Nobeli mwaka 1931 akiwa ameshafariki miezi kadhaa kabla.

Kuhusu Kalevala, utenzi wa mashujaa wa Finland, nitakuwa mfupi. Kadi inasema ilichapishwa 1849. Hilo ni toleo la pili, lililopanuliwa. Elias Lönnrot alitoa la kwanza 1835. Yeyote anayejua 1835 atanyimwa alama kwa kujua zaidi.

Na je, Kh ni K? Khaled Hosseini kwa jina la mwisho yuko H, kwa hiyo hakutusumbua, lakini Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi, alitusumbua robo saa nzima. Kijitabu kimenyamaza. Sisi tuliamua Kh ni sauti nyingine lakini mlango ni uleule, aingie. Kijana hakukubali, na ameandika pingamizi lake kwa penseli kwenye kijitabu, akatia na sahihi.

Vifaa sina mengi ya kusema. Karatasi ya kadi ni nzito na inachanganyika vizuri. Nyekundu na chungwa haziachani usiku. Mara mbili tulijibu jina la kitabu pale palipotakiwa mhusika. K ya dhahabu iliyo mgongoni mwa kadi imeanza kubanduka kwenye zile tunazozishika sana, kiasi kwamba sasa kijana anaijua kadi ya Karama hata ikiwa imefunikwa. Saa ya mchanga wanasema ni ya sekunde 40. Nimeipima kwa simu mara tatu: 33, 33, 34. Hizo sekunde saba ndimo alimopotelea Kabuli wangu.

Ukiniuliza ununue, nitakuuliza unacheza na nani. Kama ni watu waliosoma vitabu vilevile ulivyosoma, mtazimaliza kadi kwa siku mbili na mtabaki kubishana miaka ya uchapishaji. Kama katikati yenu kuna mtu kama wifi, asiyejua Kezilahabi ni nani lakini anayejua lugha yake inavyotembea, nunueni. Sijapata kuona mchezo wa fasihi unaomwinua mtu wa aina hiyo. Nyota ningetoa tatu kwa tano, ya nne nimeishika mkononi mpaka toleo lijalo. Orodha ya kadi 14 nimeshawaandikia wachapishaji, pamoja na kurasa na nambari, kama nilivyozoea. Walijibu kwa heshima kwamba wamepokea.

Zimebaki zile kadi sita tupu. Mimi nimejaza mbili, ya Kaizari na ya Kisiwa chenye Hazina. Kijana amejaza moja: "Mfalme mzee na mabinti zake. Jibu: subiri sanduku la M." Wifi alikaa na ya kwake muda mrefu, akaniuliza kuhusu ile riwaya ya Farsy ya mwaka 1960, Kurwa na Doto, ambayo kadi yake nyekundu ilimpa alama 1 usiku uliopita. Nilimweleza kidogo nikarudi kwenye chai yangu. Yeye ndiye aliyekuwa anatusimamia kanuni usiku wote, huyu, kila jibu lisiloanza na K analirusha nje. Alipomaliza akaitia kadi katikati ya rundo bila kutuonyesha, na jana ikanijia mimi:

"Ukitupanga kwa alfabeti natangulia mimi. Lakini aliyetangulia kuzaliwa ni mwenzangu. Mimi ni nani?"

Jibu linaanza na D. Tumeiacha humohumo.